Upande wa Majani

Mambo yaliharibika siku ya Alhamisi, tarehe tisa Novemba, mwaka 2023, asubuhi kabla jua halijawa kali, kwenye kituo kimoja cha afya upande wa Ludara, nchini Uganda.

Pasca, mke wa Afedra, alikuwa amelazwa kwenye benchi la nje, tumbo limevimba na kuwa gumu kama ngoma. Nesi alikuwa ameshasema yake: huyu ni wa kupasuliwa, sisi hapa hatupasui, apelekwe Koboko upesi. Gari la wagonjwa lilikuwepo. Lilikuwa jeupe, limeoshwa, limeegeshwa chini ya banda la mabati, na mbele yake kuku wawili walikuwa wakioga vumbi. Dereva ndiye hakuwepo. Alikwenda msibani Omugo na simu yake haipatikani. Funguo zilining'inia kwenye msumari, juu ya kichwa cha Okuonzi, mkuu wa kituo.

"Daktari, nipe mimi," Afedra akasema. "Mimi dereva. Nimepeleka lori Koboko mpaka Yei miaka yote hii. Wewe nanijua."

"Pamiti iko wapi?"

Afedra akatoa leseni ya udereva aliyopewa Yei, imekunjwa mpaka mikunjo imetoboka. Okuonzi aliitazama pande zote mbili kisha akairudisha kwa vidole viwili.

"Hii ya Sudan. Gari ni ya serikali. Ikianguka, nani atajibu? Wewe au mimi?"

"Mama nakufa, daktari."

"Nimepiga simu Koboko. Gari ingine iko njiani."

Hilo gari jingine mpaka leo liko njiani. Wakampakia Pasca kwenye bodaboda, kijana dereva mbele, Pasca katikati, Afedra nyuma amemzungushia mikono, wote watatu wamefungwa kwa kitenge kimoja. Askari wa getini akainua mwanzi uliozuia njia, akawapungia mkono kama watu wanaokwenda harusini. Kabla hawajaona mabati ya kwanza ya Koboko, kichwa cha Pasca kilianguka nyuma, kikatua begani kwa mumewe, na hakikuinuka tena.

Wengine wangeshtaki. Afedra shule aliiacha darasa la tatu, na maofisi anayajua kwa benchi zake za nje tu. Lakini jambo moja lilimganda. Okuonzi hakusema hujui kuendesha. Alisema pamiti. Basi ataitafuta pamiti, tena ile kubwa, ya malori na matrela, ambayo mwenye nayo hanyimwi gari lolote nchini. Atakwenda nayo Ludara, ataiweka mezani chini ya pua ya Okuonzi, na kumuuliza swali moja: siku ile, kama ningekuwa na hii, ungenipa funguo? Mpaka siku hiyo, hatagusa usukani wa mtu. Tajiri wake wa Koboko akatafuta dereva mwingine. Afedra akarudi kulima muhogo.

"Baba, hiyo pamiti itafanya nini?" bintiye Scovia alimuuliza. "Mama harudi."

"Mimi sitafuti mama. Natafuta mutu ajibu."

Mtihani wa kwanza aliufanyia Arua, akafeli. Aliingia kwenye lori, akaliwasha, akazunguka uwanja vizuri, akarudi kinyumenyume kati ya mapipa bila kugusa hata moja. Akaambiwa atoke getini, aingie barabarani. Walikuwa hawajafika mbali na geti pale mkaguzi alipopiga kelele: simama, shuka, hujui kuendesha. Basi. Wa pili ulikuwa vilevile, ila mkaguzi alisema tu, "Ni wewe tena, mzee?" na kushuka yeye kwanza, anatetemeka.

Afedra aliusimulia mkasa huo kila mahali palipokuwa na watu wawili wamekaa. Hawakuniacha nifike hata kwenye lami. Geti tu, shuka. Wakubwa ni kitu kimoja, alisema, wa hospitali na wa barabara. Wanapigiana simu. Akikutazama tu anajua huyu hana mtu nyuma yake, na kalamu inakufelisha yenyewe. Wasikilizaji walitikisa vichwa, maana kila mmoja alikuwa na mkubwa wake wa kumlaumu.

Mwaka ulipokwisha alisikia habari za shule ya madereva wa malori huko Manibe, nje kidogo ya Arua. Shule hiyo ilikuwa na mpango wake. Unafundishwa, halafu mwenye shule anakupima mwenyewe. Ukipita, anakupeleka kwa wakaguzi na kusimama kando yako. Usipopita, unakwenda nyumbani na hupokelewi tena, kwa sababu hataki jina lake liharibike. Afedra alijua maana yake. Huo ndio mlango wa mwisho.

Mwalimu wake alikuwa Sandra, mwanamke wa miaka thelathini hivi, mfupi, aliyekalia mto ili aone mbele. Afedra alipomwona alimtafuta mwalimu nyuma yake.

"Ni mimi, baba," Sandra akasema. "Panda."

Alipanda amenuna. Mwanafunzi mwenzake alikuwa Lodu, kijana kutoka Yei aliyekimbia vita na sasa anakaa kambini Omugo, mtu asiyeweza kunyamaza. Kwa wiki nzima walizunguka uwanja na njia za vumbi za Manibe. Sandra alimtazama yule mzee akibadilisha gia bila kusikika, akilisimamisha lori mlimani bila kurudi nyuma hata kidogo, na hakuelewa.

"Baba, wewe ulifeli nini?"

"Uliza wakubwa wako."

"Hawakukuambia?"

"Mukubwa nasema sababu kwa mutu kama mimi? Alisema shuka."

Lodu, aliyekaa nyuma ya viti, akacheka. "Mzee, pengine walikuogopa sura."

Siku ya Jumanne Sandra akawapeleka kwenye lami, barabara ya Koboko. Afedra alikuwa kwenye usukani, kushoto kwake Sandra na mto wake. Kulikuwa na askari wa usalama barabarani waliotega mwanzi juu ya mapipa mawili, wanakagua magari. Afedra alisimama kama inavyotakiwa. Askari akatazama maandishi ya shule ubavuni, akainua mwanzi. Afedra akaingiza gia, akaondoka taratibu.

"Baba!"

Sandra aliudaka usukani kwa mikono miwili. Bodaboda iliyobeba mbuzi ilipita ubavuni ikipiga honi, dereva wake akitukana kwa lugha tatu. Lori likakwama pembeni, limeinama mtaroni. Sauti ya Lodu ikatoka nyuma.

"Mzee ametupeleka Juba bila pasipoti!"

"Nani kakuambia ushike usukani yangu?" Afedra alimgeukia Sandra. "Wewe pia umetumwa?"

"Ulikwenda kulia, baba."

"Hapana."

"Ulikwenda kulia."

"Mimi? Mimi nimeendesha wewe hujazaliwa!"

"Shuka uone tairi," Sandra akasema. "Mimi sitabishana na wewe. Shuka uone."

Afedra akashuka. Alikwenda nyuma ya lori mpaka kwenye mwanzi, na askari wakawa wanamtazama kama anayetafuta kitu kilichoanguka. Palikuwa na udongo mwekundu kidogo juu ya lami, ulioletwa na magari ya pembeni, na juu yake alama za tairi zake zilionekana wazi. Mpaka kwenye mwanzi zilikuwa kushoto. Baada ya mwanzi zilikata barabara, moja kwa moja, bila kusita, kwenda kulia. Hazikuyumba. Zilikuwa alama za mtu anayejua anachofanya.

Lodu ndiye aliyekuja kumchukua, na safari hii hakucheka.

"Mzee, Oraba pale mpakani, mwanzi ikiinuliwa, wewe nafanya nini?"

Kila dereva wa Koboko anajua. Uganda magari hushika kushoto, na ukiingia Kaya, upande wa Sudan Kusini, hushika kulia. Askari wa Oraba akiinua mwanzi, unahama. Ukirudi, mwanzi ukiinuliwa, unahama tena. Mchana, mvua, vumbi, usingizi, mikono inahama yenyewe na kichwa kinaendelea na mambo yake. Na uwanja wa mtihani wa Arua una mwanzi getini.

"Kwa nini hawakuniambia?" Afedra alisema. "Neno moja tu. Mzee, umekwenda kulia. Hiyo ni ngumu kusema?"

"Walipaswa kusema," Sandra, aliyekuwa ameshawafuata, akasema. "Hapo una haki."

Siku zilizofuata Sandra aliacha kila kitu kingine. Alikata mwanzi kwenye uzio wa shule, akauweka juu ya mapipa katikati ya uwanja, akamsimamisha Lodu hapo. Afedra anakuja, anasimama, Lodu anainua mwanzi, Afedra anaondoka. Mara ya kwanza akaenda kulia. Ya pili akaenda kulia, akajitukana. Ya tatu akaenda kushoto kwa nguvu mpaka akaangusha pipa.

"Karibu Uganda, mzee!" Lodu alipiga kelele kila mwanzi ulipopanda. "Hapa hakuna wali ya Juba, kuna muhogo! Shika kushoto!"

"Nyamaza wewe, nitakukanyaga."

"Ukinikanyaga upande ya kushoto, nimefurahi!"

Maneno ya kushoto na kulia hayakumsaidia Afedra. Yalichelewa kufika mikononi. Sandra alifikiri, kisha akagonga kiti alichokalia.

"Baba, kwenye lori yako hapa alikuwa anakaa nani?"

"Mama ya watoto. Siku za soko Kaya alikuwa nakuja na mimi, nauza nyanya."

"Upande wetu huu wa Uganda, dirishani kwake aliona nini?"

Afedra akafikiri. "Majani. Majani marefu ilikuwa napiga mkono yake, nalalamika. Tukiingia Kaya anaogopa, maana magari ya mbele yanapita kwake. Anafunga dirisha, anasogea kwangu."

"Basi sahau kushoto. Mwanzi ukiinuliwa, mpeleke mama kwenye majani."

Afedra alimtazama kwa hasira, kama mtu aliyeguswa mahali pasipoguswa. Halafu akarudisha lori nyuma, akasimama mbele ya mwanzi. Lodu akauinua bila mzaha. Lori likaenda kwenye majani na kubaki huko. Likaenda tena, na tena, mpaka Lodu akalalamika mikono inamuuma.

Siku ya kupimwa, mwenye shule, mzee Asuman, alikaa kwenye kiti cha Sandra bila mto. Ni mtu asiyesema. Aliamuru mwanzi uwekwe getini, akamtoa Afedra mpaka karibu na mji, akamrudisha, akamtoa tena. Kila mwanzi ulipopanda, midomo ya Afedra ilicheza kidogo na lori likashika upande wa majani. Waliporudi uwanjani, Asuman alifungua mlango, akateremsha mguu mmoja.

"Umepita. Wiki ijayo nakupeleka mwenyewe kwa wakaguzi. Nani alikufundisha kuongea na mwanzi?"

"Hapana mwanzi," Afedra akasema.

Lodu alimrukia, Sandra alimpa mkono. Afedra aliwashukuru wote wawili, akapanda gari la Koboko mchana huohuo. Hakuwa na pamiti bado, lakini alitaka Okuonzi ajue kwamba inakuja. Mtu aanze kutafuta jibu lake mapema.

Bodaboda ilimshusha nje ya kituo cha afya. Mambo yote yalikuwa vilevile: banda la mabati, benchi, kuku. Gari la wagonjwa lilikuwa likiondoka, dereva yuko ndani safari hii, na mwanamke mmoja mzee amelazwa nyuma. Afedra akasogea kando lipite. Askari wa getini akainua mwanzi.

Mikono ya Afedra, iliyokuwa mitupu, ilihama. Aliihisi. Ilihama kwenda kulia.

Akatazama barabara. Hapo nje ya geti kuna kona, na baada ya kona malori ya kutoka Oraba hushuka yakiwa yamejaa mbao, hayana haraka ya kufunga breki kwa ajili ya mtu yeyote. Gari la wagonjwa lilishika kushoto, likaifuata kona, likapotea. Lori la mbao likatokea palepale, katikati ya upande wake, likapita na upepo wake. Afedra aliendelea kutazama mahali lilipopita.

"Mzee, unaingia au hapana?" askari akauliza, mwanzi bado uko juu.

Akaingia. Okuonzi alikuwa mezani, funguo za akiba zinaning'inia kwenye msumari uleule. Alipomwona aliinuka nusu, akashika kingo za meza.

"Mzee Afedra. Karibu. Mimi… ile mambo ya mama, sisi tulifuata kanuni."

"Najua mulifuata."

"Gari ya Koboko ilikuwa na shida ya mafuta. Nilikuja kuambiwa nyuma."

"Sikuja kwa hiyo."

Afedra alibaki amesimama. Swali lake alikuwa amelibeba tangu Alhamisi ile, amelilaza na kuliamsha, analijua kama mtu anavyojua jina lake. Alifungua mdomo alitoe, akakuta halipo. Pale lilipokuwa limekaa, pamekaa jingine. Nje, askari aliuteremsha mwanzi, ukagonga pipa.

Okuonzi hakumtazama usoni. Bado alikuwa mkubwa, bado ndiye aliyekataa kwa ajili ya karatasi na si kwa ajili ya Pasca, na hilo Afedra hakumsamehe. Lakini hakuwa na mtu mwingine wa kumuuliza, na Scovia hangestahimili kulisikia.

"Daktari," akasema, "siku ile, kama ungenipa hiyo funguo, hapo kwa mwanzi mimi ningempeleka Pasca upande gani?"