Damu ya Mdogo Wake

Katika maabara moja ya utafiti, damu ya wagonjwa wa saratani haikuwa taabu kuipata. Ililetwa kutoka wodini kila asubuhi. Taabu ilikuwa damu ya watu wasioumwa, ya kulinganishia. Basi wafanyakazi walikuwa na mtindo wao: unamkamata ndugu, jirani, shoga, yeyote aliyepita mlangoni akiwa mzima na haogopi sindano. Fundi wa maabara alimkamata mdogo wake wa kike, aliyekuja zake kumletea funguo za nyumba.

"Yaani mnitoe damu, halafu hata soda hakuna?" mdogo mtu alilalamika huku akicheka na kukunja mkono wa gauni.

Hiyo ilikuwa wiki iliyopita. Sasa fundi alikuwa ameikodolea macho kompyuta iliyoonyesha majibu.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Seli za mwili hutoa vifuko vidogo mno, visivyoonekana kwa macho, vinavyosafiri ndani ya damu vikipeleka habari huku na huko. Vya saratani ni vijanja: vinazifuata seli za kinga na kuzibembeleza zisipigane. Fundi alivichuja vifuko vya kila mtu, akavitia kwenye visahani vyenye seli za kinga. Vya wagonjwa vilizilaza seli, kama walivyotarajia. Vya wazima viliziacha macho, isipokuwa kisahani kimoja tu. Humo seli zilikuwa zimelala fofofo, na damu ilikuwa ya mdogo wake.

"Nimekosea," alijiambia. "Lazima nimekosea."

Jamani, sijui kama yuko mtu aliyewahi kuomba aonekane mzembe kama alivyoomba yeye siku ile. Labda alichanganya vichupa. Labda alitumia bomba moja mara mbili. Alikagua kimoja kimoja, na kila kitu kilikuwa mahali pake. Akakumbuka mdogo wake alivyomwambia juzi kwamba nguo zinampwaya, naye akamjibu hongera!

Akamwendea mkuu wa maabara, mzee waliyembandika jina la Bwana Rudia, maana hakuwa na jibu jingine duniani. Mzee akatazama, akakuna kidevu.

"Rudia," akasema. Kisha akasikia ni damu ya nani. "Sikiliza, binti yangu. Hiki si kipimo cha hospitali, ni utafiti tu. Hata homa inaweza kuvuruga vifuko. Usimtie mtu kiwewe bure. Chukua damu nyingine."

Fundi akapiga moyo konde, akampigia simu mdogo wake. "Njoo tena, mwenzangu. Ile damu yako niliimwaga."

Mdogo mtu alifika mchana, amejaa maneno kama kawaida yake. Akakaa kitini, akatoa mkono. Fundi akaufunga mpira, akatafuta mshipa, akaukosa, akatafuta tena.

"Dada, hivi kweli ulimwaga?"

"Nilimwaga. Mambo ya kazi hayo."

"Wewe? Wewe unayetufukuza mezani kwa tone moja la chai?" Akacheka. Halafu kicheko kikakatika. "Wiki iliyopita ulinichoma huku unapiga soga, hata kunitazama hukunitazama. Leo hata mshipa unakupotea. Umeona nini kwenye damu yangu?"

Fundi akaacha kutafuta mshipa. Aliogopa kusema, na aliogopa zaidi kunyamaza.

"Sijui," akasema. "Wallahi sijui. Huenda si kitu. Kesho tutakwenda hospitali, mimi na wewe."

"Kwa hiyo umeona."

"Nimeona kitu nisichokielewa."

Mdogo wake akaitazama sindano kitambo. "Wanangu bado wadogo, dada," akasema kwa sauti ndogo.

"Najua."

Basi akanyoosha mkono vizuri zaidi, akageuzia uso ukutani.

"Toa," akasema. "Toa ya kutosha, usije ukaniita tena kwa uongo."