Jina la Aliyewekwa Dirishani

Restuta alirudi Kikole kutoka semina ya Lindi na cheti, kalamu mbili, na mfuko wa mpira wenye barakoa ndogo, wa kumpulizia pumzi mtoto mchanga. Wenzake pale zahanati walimtania kwamba amenenepa. Miaka hiyo ya tisini wafadhili walikuwa wamemiminika, na semina zao zilisifika kwa soda na pilau kuliko masomo. Akakubali kwamba amenenepa. Hakuwa na nguvu za kubishana.

Siku ya kwanza walipewa mtihani kabla ya kufundishwa lolote, akapata saba kati ya ishirini. Siku ya mwisho wakapewa uleule, akapata kumi na tisa. Mkufunzi alifurahi utadhani kafaulu yeye, makofi yakapigwa. Restuta alizitazama karatasi zake mbili na wala hakuiona ile kumi na tisa. Aliliona swali la mtoto anayezaliwa bila kulia, na jibu lake la siku ya kwanza.

Kwa miaka kumi na minne alifanya alivyoonyeshwa na marehemu nesi Devota. Mtoto asipolia, mning'inize kichwa chini, mpige nyayo, mmwagie maji baridi. Akizidi kunyamaza, mfunike kitambaa, mweke kwenye beseni pale dirishani, umgeukie mama asije akatokwa na damu. Daftarini andika "mfu". Devota alipendwa na kijiji kizima, nani angemtilia shaka? Kumbe, kwa alivyofundishwa semina, baadhi ya wale wa dirishani mioyo yao ilikuwa bado inadunda.

Tangu siku hiyo ya mwisho ya semina Restuta alikuwa na ganzi. Alipima watoto, alichanja, alisonga ugali, na chozi halikumtoka hata moja. Hilo lilimtisha kuliko kulia.

Mwezi wa pili baada ya semina, asubuhi ya siku ya gulio, Mwanaima aliletwa kwa baiskeli akiwa na uchungu. Restuta alimfahamu vizuri mno. Miaka mitatu nyuma alimzalisha mtoto wa kiume, akamweka dirishani. Mwalimu wa msikiti alipouliza kama mtoto alilia, Restuta alijibu hapana, naye akasema basi hasaliwi. Mtoto akaviringishwa shuka, akazikwa bila swala wala jina.

Safari hii alitoka wa kike, mlegevu, kimya kabisa. Restuta alimkausha, akamlaza palepale ubavuni mwa mama yake, akamfunika pua na mdomo kwa barakoa, akaanza kuminya mfuko. Mwanaima aliinua shingo, akayaona yote. Kifua kidogo kikapanda, kikashuka, kikapanda. Kisha mtoto akakohoa, akalia.

Nje mama mkwe wa Mwanaima alipiga vigelegele. Restuta aliuosha mfuko kwa sabuni huku akiingoja furaha. Haikuja.

"Nesi," Mwanaima aliita taratibu. "Yule wa kwanza ulimfanyia hivi?"

Angeweza kujitetea. Mfuko haukuwepo, na hiyo ni kweli.

"Sikumfanyia. Nilikuwa sijui."

"Na ungejua?"

"Pengine angelia."

Mwanaima alimwekea binti titi mdomoni. Restuta alingoja atukanwe. Alilitamani hilo tusi. Badala yake Mwanaima aliomba daftari la mwaka ule. Restuta alilitoa kabatini, akalipekua mpaka kwenye mwandiko wake mwenyewe. Mwanaima hakusoma sana, akaomba aonyeshwe mstari wenyewe, akauwekea kidole.

"Anaitwa Ismael," alisema. "Nilimchagulia kabla hajazaliwa. Mwandike."

Restuta alichukua kalamu ya semina, akaandika Ismael pale palipoachwa wazi. Alipotaka kulifunga daftari, jicho lake likateremka kwenye mistari ya chini, kwa akina mama wengine, kila mmoja na nafasi tupu ya jina la mtoto wake. Akavuta kigoda, akaketi, akaanza kuyasoma majina ya akina mama hao. Wengi bado walikuwa wakija pale kila mwezi, wakimwamkia shikamoo.