Mlango wa Tatu

Kituo chetu cha mabasi ya mwendokasi kiko kwenye makazi mapya, nje ya mji. Upande wa kwenda mjini kina milango minne ya kioo, na inatakiwa ifunguke basi likishasimama. Wa tatu ulianza kujifungua wenyewe tangu Jumatatu, hakuna basi wala nini, polepole, kama mtu anayechungulia.

Msimamizi aliufunga kwa kipande cha mpira wa tairi. Akasema fundi anakuja. Fundi hakuja.

Mimi ni wa usafi. Kila alfajiri naufungua ule mpira, nasugua mchanga kwenye reli ya mlango, kisha naufunga tena. Ijumaa nilikuwa bado nimepiga magoti pale, msimamizi akaniita getini. Mtu alikuwa ametapika karibu na mashine ya kadi.

"Bubu, wahi! Watu wanaruka kama mbuzi huku."

Ananiita Bubu kwa sababu namjibu kwa kichwa. Nikabeba ndoo, nikaenda.

Nilipomaliza kupiga deki, jua lilishatoka na abiria walishajaa. Nikatia mkono kwenye mfuko wa aproni, nikagusa mpira.

Nikakimbia na ndoo yangu. Abiria wa asubuhi huegemea milango, maana wengi hawajamaliza usingizi. Mlango wa tatu ulikuwa na migongo minne, na pembeni yao mama yangu mdogo, anayefanya kazi ya kufua hospitali. Alikuwa na binti yake wa miaka miwili. Mtoto alikuwa anapulizia kioo pumzi, anachora kwa kidole.

Nikajipenyeza. "Samahani jamani, mlango..."

"Dada, unaongea na sisi au na ndoo?" mwanamume mmoja akauliza, wenzake wakacheka. Hakuna aliyesogea, na mpira haufungiki watu wakiwa wameegemea. Huko barabarani nikaona taa za basi la moja kwa moja, lile lisilosimama kwetu. Huwa linapita karibu liguse kituo.

Nikamfikia mama mdogo, nikamwambia sikioni, "Mlango haujafungwa. Nimesahau."

Alinitazama mara moja tu. Akamvuta mtoto kwa gauni. Mama mdogo akimwita mtu, nyumba ya nne wanaitika.

"Tokeni mlangoni! Nyie! Mmeziba masikio na nini?"

Waliruka kwa kumwogopa yeye. Wa mwisho kutoka alikuwa yule aliyenitania, na mlango ulifunguka nyuma ya kisigino chake, bila kelele. Basi likapita. Upepo ukatupiga usoni, na pale walipokuwa wameegemea tukaona lami, chini sana.

Yule mwanamume alikaa sakafuni.

Msimamizi akaja mbio. "Nani kafungua mpira?"

Abiria wakatazamana.

"Atakuwa yule bibi wa zamu ya jana. Nilishamwonya. Leo ndiyo mwisho wake hapa."

Yule bibi ndiye aliyenifundisha kushika dekio. Nikaushika mpira mfukoni. Nyuma ya msimamizi mlango ulijifunga, ukatulia kidogo, ukaanza kufunguka tena.

Nikainua mkono.

Mama mdogo akaukamata, akaushusha, macho yake kwingine. Vidole vyake vilikuwa vya baridi.

Nikauinua tena.