Nguzo Iliyosimamishwa Kichwa Chini

Wakana alikuwa mchoraji wa gemu za kompyuta katika kampuni ndogo mjini Osaka. Miezi minane alikuwa ameing'ang'ania nyumba moja tu: nyumba ya kale ya shamba, paa la nyasi, milango ya karatasi, ambamo mchezaji angekimbizwa na mizimu chumba hadi chumba. Nyumba ilipendeza. Ila haikumtisha mtu. Waliojaribu gemu walizungukazunguka mle ndani kama watu waliokuja kutafuta chumba cha kupanga. Mwishowe mkuu wake akamwambia apande treni aende milima ya Iwate, kwa fundi Kisaburo, seremala aliyezijenga nyumba za aina hiyo tangu ujanani.

Kisaburo, mzee wa miaka sabini na tisa, alimkaribisha barazani. Akakipokea kishikwambi cha Wakana kwa mikono miwili kama aliyepewa mtoto mchanga, akaitazama ile nyumba hadi chai ikapoa. Kisha mzee akacheka mpaka akajifuta machozi.

"Binti, nguzo yako hii umeipindua. Shina liko juu, kilele kiko chini."

Wakana akajitetea kwamba aliigeuza picha ya mbao ili fundo moja baya lisionekane mlangoni. Mzee akatikisa kichwa. Mti, alisema, husimamishwa nyumbani kama ulivyosimama mlimani. Ukiupindua utalalamika, na wenye nyumba hawataona raha: huyu ataugua, yule atagombana na jirani, mara moto uzuke jikoni. Mafundi wanaiogopa nguzo ya namna hiyo kuliko tetemeko.

Moyo wa Wakana ukaruka. Akauliza kama mzee amewahi kuisikia nguzo ikilalamika. Kisaburo akawa anaisugua meza kwa kidole, kisha neno likamtoka.

Alikuwa na miaka ishirini na mitatu. Theluji ilikaribia, kazi ikawa ya mbiombio, naye akasimamisha nguzo kichwa chini katika nyumba ya ng'ambo ya mto, ambako msichana aitwaye Fumiyo alikuwa anakaribia kuolewa. Aligundua paa likiwa limeshaezekwa. Kwa kumwogopa bwana wake wa kazi, akafunga mdomo. Tangu hapo kila baya lililoipata nyumba ile alijitwisha yeye. Ng'ombe alipokufa, ni yeye. Mume wa Fumiyo alipovunjika mguu, ni yeye.

"Twende ukamwambie Fumiyo," Wakana akasema.

"Unataka nife kwa aibu?"

"Mzee, una miaka sabini na tisa. Utakufa nayo, au utakufa umeshaitua. Chagua."

Walimkuta Fumiyo, sasa bibi kizee, katika nyumba ileile akichambua mboga za mlimani. Kisaburo akapiga magoti, akainama mpaka paji la uso likagusa mkeka, akasimulia yote bila kuruka neno. Bibi hakuacha kuchambua.

"Umemaliza?" akauliza. "Nguzo hiyo naijua. Ilianza kulia wiki ya kwanza nilipoolewa. Mama mkwe akaapa hatakanyaga chumba kile, na hakukanyaga hadi alipozikwa. Miaka thelathini na mmoja, Kisaburo. Ndicho chumba pekee humu nilichoweza kukaa kitako nikanywa chai yangu kwa amani."

"Na ng'ombe?"

"Alikuwa mzee. Na mume wangu alivunjwa mguu na pombe, si na wewe."

Kisaburo akainuka, uso mwekundu. Akataka kujua kwa nini Fumiyo alimwacha ateseke miaka yote hiyo.

"Ningejuaje unateseka? Kila kiangazi ulikuja kunitengenezea paa bure. Nilidhani una moyo mzuri tu. Kwa nini nikuulize?"

Wakana akauma mdomo asicheke. Akaomba kukiona chumba, akaachwa humo peke yake. Jua lilikuwa limeipasha mbao joto, na punde nguzo ikatoa sauti nzito, ndefu, kama mtu anayegeuka kitandani. Vinyweleo vikamsimama. Lakini hakutoka. Alikaa pale saa nzima akirekodi na kuchora, na kadiri alivyokaa ndivyo alivyotaka kuendelea kukaa.

Aliporudi Osaka aliiacha nguzo yake kichwa chini, akaipa sauti ile. Mizimu inamkimbiza mchezaji nyumba nzima, lakini ikifika kizingiti cha chumba kile inasita, kwa kuwa nayo inaogopa. Waliojaribu gemu mara hii walipiga kelele, kisha wakajifunza kujifungia mle na kushusha pumzi.

Kisaburo naye hakuonekana ng'ambo ya mto kiangazi kile. Alirejea kiangazi kilichofuata, ila sasa alidai chakula cha mchana, na akapewa.

Wakana aliwapelekea gemu ilipokamilika. Kisaburo akafa mara tatu kabla hajavuka jikoni. Fumiyo akamwambia asogee, akamnyang'anya kidhibiti, akauliza kitufe cha kukimbia ni kipi.