Pasipofagiliwa

Kabla hakujapambazuka, sauti ya kwanza kusikika uwanjani kwa Mama Germaine ilikuwa ya ufagio. Ulikuwa ufagio wa vijiti vya mchikichi, umelika upande mmoja, na ulipopita juu ya udongo mwekundu ulisema chwa, chwa, kisha ukanyamaza kidogo, kisha ukaendelea. Majirani zake wa mtaa wa Mikelenge walikuwa wameuzoea ukimya ule. Walijua kwamba ufagio umefika penye mraba na sasa unazunguka.

Mraba ulikuwa karibu na jiko, kati ya kinu na kuni zilizopangwa. Ulitosha watu wawili waliolala. Hapakuota hata jani. Mama Germaine alifagia pande zake zote nne taratibu, kama mtu anayempangusa mtoto uso bila kumgusa macho, na hakuwahi kuupitisha ufagio juu yake.

Asubuhi hiyo alipofika hapo aliinama. Kwa miaka mingi udongo wa mraba ulinuka turubai lililofungiwa stoo. Sasa ulinuka majani yaliyokatwa, na alipouwekea kiganja ulikuwa na joto. Akaegemeza ufagio kwenye kinu, akaenda ndani kuchukua wali uliobaki jana na kikombe cha maji, akavuta kigoda, akakaa kungoja.

Mahali pale palikuwa pa wageni. Kwa akina bibi yake, kule Kailo, mgeni akiondoka hapafagiliwi alipolala, kwa sababu kufagia ni kumwambia asirudi. Unangoja kwanza afike kwake. Watu wengi huona kuwa siku moja inatosha. Lakini wageni wa Mama Germaine walikuwa wanakwenda mbali sana, na yeye si mtu wa haraka.

Walikuja mwaka wa tisini, na kamio. Lilikuwa lori kubwa la rangi ya chungwa, limewekwa viti nyuma kama vya kanisani. Waliopanda humo walikuwa watu wa nchi mbalimbali, wenye nyumba zao nzuri, ambao walikuwa wamelipa ili wavuke jangwa na misitu wakiwa wamekaa juu ya mizigo, walale katika hema kando ya barabara mpaka mwisho wa Afrika, kisha wapande meli na kamio lao waanze bara lingine, kisha lingine, kwa miaka. Daraja lilikuwa limekatika mbele ya Lubutu, kwa hiyo waliteremka hadi mji wa Kindu kungoja treni ilibebe kamio. Treni haikuja upesi. Mama Germaine aliwakuta wamekaa mvuani karibu na stesheni, akawaambia karibuni, na wakasimamisha mahema matano uwanjani kwake.

Dereva alikuwa mwanamke, jina lake Hanne. Hilo ndilo jambo pekee lililowashangaza watu wa Mikelenge. Hanne alitwanga sombe, majani ya muhogo, vibaya, akachekwa, akatwanga tena. Binti wa Mama Germaine, Adèle, alikuwa mdogo wakati huo, na mchana alipenda kulala katika hema la Hanne, lile la karibu na jiko. Hanne alimpangusa miguu kwanza, kisha akamfunika, kisha akakaa nje kwenye jua ili asimwamshe. Mama Germaine aliliona hilo na hakulisahau.

Treni ilipofika, mahema yalikunjwa. Uwanjani ilibaki miraba mitano ya udongo mweupe kidogo, na Mama Germaine hakuifagia.

Miaka ikapita, na vita vilipoingia nchini mara ya pili, mji ulizingirwa. Ukitoka kwenda shambani walikupiga waliokuwa msituni. Ukibaki nyumbani walikuchukua waliokuwa mjini. Upande wa Mikelenge alipewa kamanda mmoja aliyeitwa Bienfait, na Bienfait alikuwa mtu wa adabu. Hakuvunja mlango hata siku moja. Alisimama kwenye ua wa mianzi jua likishuka, akasema hodi, akangoja, akasema tena hodi, mpaka mara ya tatu. Nyumba iliyoitika karibu aliingia, akauliza hali ya wagonjwa, akakaa, ndipo akachagua: mwanamume wa kubeba masanduku ya risasi, au mbuzi, au msichana. Nyumba ambayo haikuitika ilichomwa. Kwa hiyo watu waliitika, na usiku hawakulala kwa kuwa walikuwa wamemkaribisha wenyewe.

Aliyegundua miraba ni mbuzi wa Jamila, jirani. Jioni moja askari walimfukuza mbuzi huyo mpaka uwanjani kwa Mama Germaine, akalala juu ya mraba wa karibu na choo, nao wakapita wakimtafuta. Alfajiri alikuwa pale pale, ameshiba, ana mchanga wa njano kwenye kwato, na shingoni amefungwa kamba ya kijani yenye fundo zuri.

Jamila alilipapasa fundo lile.

"Mbuzi yangu imetembea kuliko bwana yangu," alisema.

Jioni iliyofuata, hodi ya kwanza iliposikika mwanzo wa barabara, alimshika mkono bwana yake, Kasimu, akamlaza hapo. Kasimu alirudi asubuhi. Alisema amelala hemani na mwanamume mwenye ndevu nyekundu, ambaye alisogea bila kuuliza kitu na kumpa nusu ya blanketi. Nje kulikuwa na mlima wenye kichwa cheupe. Wakati wa sala yule mwanamume alitoa dira mfukoni, akamwonyesha kibla, kisha akageuka kando ili asimsumbue.

"Ilikuwa inchi gani?" Jamila akauliza.

"Sikuuliza. Muntu anakupa blanketi, utamuuliza karatasi?"

Tangu hapo kila jioni watu walikuja kimya kimya, wakalala penye miraba, wawili wawili, wakaamkia hemani, popote kamio lilipokuwa usiku huo. Wengine walirudi na baridi kwenye nguo, wengine na harufu ya bahari. Wasafiri waliongeza maji kwenye supu. Mama Germaine mwenyewe hakwenda kamwe. Ilikuwa lazima abaki mtu wa kuitika.

Jioni moja Bienfait alimtaja Adèle kwa jina. Adèle alikuwa na miaka kumi na sita, na alikuwa amelala mbele yake, juu ya mraba wa karibu na jiko, ambapo yeye hakuona kitu isipokuwa udongo.

"Nilisikia amekuwa mukubwa," alisema. "Iko wapi?"

"Kwa shangazi yake."

"Shangazi gani huyo, na barabara zote zimefungwa?" Akatabasamu. Akatazama chini. "Uwanja wako ni safi sana, Mama Adèle. Lakini hapa unaruka. Kwa nini?"

"Hapo alilala mugeni."

"Aliondoka lini?"

"Zamani."

"Basi fagia."

"Bado hajafika," alisema Mama Germaine.

Bienfait alicheka kidogo, kwa sauti ya mtu aliyelelewa vizuri. Ncha ya kiatu chake ilikuwa kwenye ukingo wa mraba. Kisha alisema kwamba uwanja umempendeza, na kwamba yeye na watu wake watakaa hapo hapo. Askari wakalala barazani. Kitanda chake aliagiza kiwekwe karibu na jiko, penye joto.

Alfajiri Adèle hakuweza kurudi. Upande wa pili Hanne alingoja mpaka jua likawa juu, na wasafiri wakanung'unika, kisha mwenye ndevu nyekundu akawaambia jambo na wakanyamaza. Safari ilikuwa na ratiba yake. Walikunja hema na Adèle akiwa ndani, polepole, wasimuumize. Mipakani, kwa kuwa hakuwa na pasi, aliandikwa pamoja na mizigo. Kila jioni hema liliposimamishwa aliinua kichwa kati ya kuni za mama yake, akaona buti, akalala tena. Mama Germaine alisogeza kinu upande ule ili macho yale mawili yasionekane na mtu mwingine.

Askari mmoja kijana alisinzia juu ya mraba wa karibu na choo, akaamka asubuhi amevaa sweta iliyofumwa kwa mkono. Hakumwambia mtu. Lakini tangu siku hiyo, kamanda alipokuwa anaingia barabara yoyote, yeye alitangulia akikohoa kwa nguvu, na watu walipata nafasi ya kujificha. Jina lake halikujulikana. Mama Germaine humwombea mpaka leo kwa jina la Yule Mwenye Kikohozi.

Vita vilipokwisha askari waliondoka. Lakini kamio nalo lilikuwa limemaliza safari yake. Miraba minne iliota majani mwaka ule ule. Wa tano haukuota, ila ulianza kunuka stoo, na hapakuwa na macho tena kati ya kuni.

Bienfait hakukaa mbali muda mrefu. Alirudi akiwa amevaa koti, ana karatasi ya kiwanja kilicho nyuma ya ua wa Mama Germaine, akajenga nyumba ya mabati ya buluu. Misibani hupewa kiti cha mbele. Mvua ikinyesha huazima watu mwavuli wake. Siku nyingine, asubuhi mapema, humletea Mama Germaine samaki waliotoka mtoni, wamefungwa kwa jani, na kabla ya kuingia husema hodi, akangoja. Wakati mwingine huuliza kama Adèle ameandika.

Hakuna mtu aliyewahi kumuuliza yeye chochote.

Hayo yote Mama Germaine aliyafikiria akiwa juu ya kigoda, mpaka mwanga ukaingia uwanjani. Ndipo udongo wa mraba ulipoinuka kidogo katikati, kama turubai mtu anapotafuta mlango kwa mkono, na Adèle akaketi.

Alikuwa na miaka kumi na sita. Alivaa kile kitenge cha ndege alichokuwa nacho jioni ile, na nywele zake zilikuwa zimesukwa kwa mistari ile aliyosukwa na mama yake, upande mmoja umeanza kufumuka. Shavuni na mikononi alikuwa na alama za mkunjo, zimenyooka kama za shuka iliyopigwa pasi.

Mama Germaine alimpa maji. Akanywa yote.

"Mama, umezeeka."

"Sikuwa na kazi ingine."

"Hanne naye amezeeka. Anatembea na fimbo." Adèle alikula wali kwa vidole, haraka, kama mtu aliyetoka shule. "Kamio iliuzwa. Hema zingine walitupa. Ile yetu alipeleka kwake, alisema hawezi kutupa hema ikiwa muntu iko ndani. Lakini alikaa ghorofani, hakukuwa uwanja wa kuisimamisha. Sasa njo amepata nyumba ya chini, yenye majani."

"Ulikuwa unaumia?"

"Nilikunjwa, Mama. Muntu akikunjwa hasikii wakati." Alilamba mafuta ya mawese kidoleni. "Hanne alisema, nenda uangalie kama waliondoka. Kama waliondoka, ubaki. Kama hapana, urudi mbele ya mvua kufika, kwa sababu kule mvua inakuja na jirani atakunja hema."

Alikuwa ameutoa mguu mmoja nje ya mraba. Kisigino kilikanyaga udongo uliofagiliwa, kikaacha alama, na Mama Germaine aliitazama alama ile kwa furaha ambayo hakuionyesha. Akanyoosha mkono, akaanza kuusuka upya upande uliofumuka. Nywele zilikuwa na joto.

"Waliondoka?" Adèle akauliza.

Mama Germaine alifungua kinywa aseme ndiyo.

"Hodi," ilisema sauti nyuma ya ua.

Mkono wa Mama Germaine ukasimama. Adèle hakushtuka. Aligeuza kichwa kidogo, akasikiliza, na mguu wake ukarudi wenyewe ndani ya mraba, kama mguu wa kobe.

"Ni yeye?"

"Njo yeye."

"Bado?"

"Alienda, akarudi. Alijenga hapa nyuma."

"Nani alimupa ruhusa?"

"Hakuna aliyemukataza."

"Na watu?"

"Watu wanamuitika."

"Hodi," ilisema sauti mara ya pili, kwa upole, na harufu ya samaki ikapita kati ya mianzi.

Adèle alilala. Alivuta kitenge mpaka miguuni, akakunja mikono kwa kufuata alama za mkunjo, ikakaa sawasawa. Mama Germaine angeweza kumwambia: baki, huyu ni mzee sasa, ana sukari, meno yake mengi yametoka, anatupa samaki. Alimtazama msichana aliyelala pale, akahesabu yeye mwenyewe moyoni miaka kumi na sita ni michache kiasi gani, na hakusema. Alimfunika kwa upande wa kanga yake. Kanga ikaanza kuzama taratibu pamoja naye, naye akaifungua kiunoni akaiacha iende.

"Hodi," ilisema sauti mara ya tatu.

Kwa mara ya kwanza katika maisha yake Mama Germaine hakuitika. Alipiga magoti, na kwa kuwa uso wa binti yake ulikuwa tayari umefika chini ya udongo, alisema kwa nguvu kuliko alivyokusudia, kwa maneno anayoambiwa mgeni:

"Upite tena. Hata kidogo tu. Upite tena unitembelee."

Nyuma ya ua jani lenye samaki likawekwa chini kwa uangalifu.

"Asante, Mama Adèle," alisema Bienfait. "Nitapita."