Vidonge vya Nguvu

Sindano ya cherehani ilitoboa kidole chake, ikachomoka, ikazama tena kwenye kitambaa, na Mama Pacha akaendelea kushona. Aliyepiga kelele ni jirani yake wa cherehani ya pili, yule waliyemwita Kidoti kwa ajili ya alama shavuni.

"We! Unashona kidole!"

Alitazama. Kola ya shati la shule ilikuwa imelowa damu. Hakuwa amesikia maumivu, hata ya kuumwa na mbu.

Msimamizi wao, Bwana Haraka, alifika mbio. Aliinua kola, si mkono.

"Hii imeharibika," alisema. "Nenda kwa nesi, urudi upesi."

Nesi alimfunga kitambaa, akammiminia vidonge vya njano kiganjani, vingi kuliko vya jana. "Vitamini B. Ganzi hii ni upungufu tu. Meza."

Vidonge vilikuja chakula cha mchana kilipoondolewa. Wakubwa walisema kula kunapoteza muda. Wanawake wakaanza kuzirai juu ya cherehani, na mara nesi akawa anapita na vidonge kila asubuhi. Wageni wanaonunua nguo walipotembelea kiwanda, walipiga picha wafanyakazi wakimeza. "Mnaona mnavyotunzwa?" Bwana Haraka aliwaambia.

Mwanzoni Mama Pacha alishukuru. Kisha nyayo zikaanza kumuunguza, kama anayekanyaga makaa. Akaongezewa vidonge. Ganzi ikaingia vidole vya mikono. Akaongezewa tena. Nyumbani vikombe vilimponyoka, na wanawe pacha wakaacha kumletea nywele zao azisuke. Waliona anavyohangaika na fundo moja. Dawa gani hii, alijiuliza, inayokwenda na ugonjwa bega kwa bega?

"Nesi, mbona wewe humezi?" aliuliza.

"Mimi nakula nyumbani," nesi alijibu, kisha akauma mdomo.

Neno hilo lilimkaa kama mwiba. Jioni aliokota kopo tupu kwenye pipa la taka nyuma ya chumba cha nesi, akalificha ndani ya blauzi, akaingia duka la dawa la kwanza aliloliona. Mfamasia, mwanamke mwenye sauti ya chini, aligeuza kopo na kusoma.

"Unameza kimoja kwa siku?"

"Kiganja, dada. Kila asubuhi."

Mfamasia aliweka kopo mezani. "Nani alikuandikia?"

"Hakuna aliyeandika. Tunapewa kazini."

"Vitamini B ziko za aina nyingi, mama. Humu imo B sita, tena nyingi mno. Mwili unaitaka kidogo tu. Ukiizidisha kwa muda mrefu, inaumiza mishipa ya fahamu. Ndiyo ganzi hiyo. Acha kumeza, na uende hospitali ukapimwe. Wengi hupata nafuu wakiacha."

"Wengi?"

Mfamasia alimrudishia kopo.

Asubuhi Mama Pacha alikataa vidonge. Alisema mbele ya wenzake wote, akalitoa kopo. Cherehani zilinyamaza moja baada ya nyingine.

"Nani kakwambia?" Bwana Haraka aliuliza. Hakuuliza kakwambia nini.

"Mfamasia."

"Vitamini hata watoto wachanga wanapewa! Kiwanda kinakujali, wewe unakishuku." Akamgeukia nesi. "Dawa hizi zina ubaya?"

Nesi alitazama viatu vyake. "Mimi napewa, nagawa."

"Haya, shahidi ndiye huyo." Bwana Haraka alichukua uzi na sindano, akavitia mikononi mwa Mama Pacha. "Tunga."

Alijaribu. Uzi ulipita kando ya tundu, ukapita tena. Sindano ikaanguka na hakujua hadi alipoisikia ikilia sakafuni. Kidoti aliinama kuiokota.

"Iache!" Bwana Haraka alifoka, na Kidoti akarudi kukaa.

"Wenyewe mmeona," Bwana Haraka alisema, karibu kwa huruma. "Mikono imekufa. Mgonjwa hana kazi hapa. Ukipona, rudi."

Akalichukua kopo, akabaki nalo.

Nje ya lango, wanawake waliotafuta kazi walikuwa wamepanga foleni. Habari za kiti kitupu huruka kuliko ndege. Mama Pacha aliwaonyesha mikono yake.

"Jamani, msimeze vile vidonge. Vimenifanya hivi."

"Kumbe nafasi ni yako?" mmoja alisema. "Ndiyo maana unatutisha." Wengine walicheka, wakasogea mbele ili asiwakatie foleni.

Nesi alitoka na sahani ya vidonge. Sasa vilimezwa langoni, kabla ya kuingia. Msichana aliyekuwa wa kwanza alishika kidonge chake kiganjani, akamtazama Mama Pacha.

"Anayeogopa dawa anaogopa kazi," Bwana Haraka alisema kutoka nyuma ya nondo za lango. "Nyuma yako wapo wengine."

Msichana aliitazama ile mikono tena. Kisha akarusha kichwa nyuma, akameza bila maji. Mlinzi akamwambia afungue mdomo, akamchungulia chini ya ulimi, akafungua lango.