Msiba wa Ukumbi wa Maktaba

Watu wa Musoma ukiwaita kwenye program ya utamaduni, watakuuliza kama kuna soda. Ukisema ipo, watasema wataangalia nafasi. Lakini afe mtu, hata kama ni shemeji wa jirani wa zamani, utaona maduka yanafungwa, mitumbwi inavutwa mchangani na wote wanakuja. Mimi ni msimamizi wa maktaba ya jamii hapa Iringo, na jambo hilo lilikuwa likiniuma.

Niliandaa siku ya mashairi. Walikuja watatu, mmoja akikwepa mvua. Nikaandaa siku ya hadithi za wavuvi na wafugaji. Mgeni rasmi alifika, wageni wasio rasmi hawakufika. Ndipo mwenyekiti wa bodi yetu, Bwana Stanislausi, mzaliwa wa Mugango, akaniita ofisini kwake, humo humo maktabani.

“Matrida, hizi program zako hazina tija,” alisema. “Jumamosi andaa moja ya mwisho. Ukumbi usipojaa, Jumatatu nampa mpambaji wa harusi aweke viti na maua yake. Vitabu vitaenda stoo.”

Stoo yenyewe inavuja. Kila mtu anajua inavuja, na yeye ndiye aliyekuwa akiahirisha kuiziba. Nilitoka mle ofisini na hasira ya kupasulia kuni, na hasira hiyo ikanipeleka moja kwa moja Butiama kwa Marcelina.

Ukoo wa Marcelina na ukoo wa Stanislausi ni watani tangu enzi za mababu. Mtani haombi ruhusa. Wafiwa wakilia, yeye anavaa nguo za marehemu, anatembea kama marehemu, anakohoa kama marehemu, kisha analala njiani na hatoki mpaka akombolewe kwa zawadi. Na ole wako ukasirike, utachekwa hadi na wanao. Kwa kazi hiyo Marcelina ni fundi. Nimeona wajane wakicheka huku machozi hayajakauka.

“Nataka kuuzika ukumbi wa maktaba,” nilimwambia. “Uje utanie.”

“Mfiwa ni nani?”

“Stanislausi.”

Macho yalimng’aa. “Huyo nilikuwaga namsubiri miaka yote. Matangazo niachie mimi.”

Nikamwachia. Naamini alitangaza vizuri: ukumbi wa maktaba unakufa, mfiwa mkuu ni Stanislausi, tukutane Jumamosi asubuhi. Lakini habari ikishatoka mdomoni haina mwenyewe. Ilipofika Mugango, ukumbi ulikuwa umeanza kusahaulika. Ilipofika Bunda, ukumbi ulishadondoka njiani, amebaki Stanislausi. Jamaa zake wakampigia simu, hapatikani. Kumbe mwenzao yuko kisiwani Rukuba, kamtembelea rafiki yake mwenye kambi ya uvuvi, na simu imeisha chaji. Kwa watu wetu, tangazo la msiba na simu iliyozimwa ni mashahidi wawili. Wa tatu hahitajiki.

Jumamosi nilipofika kufungua, nilikuta lori la fuso kutoka Bunda limeegeshwa mlangoni. Vijana wanafunga turubai, wanawake wanapanga mafiga nyuma ya maktaba, unga wa muhogo na dagaa vinashushwa. Nilipofungua tu, ukumbi ukajaa hadi madirishani. Katikati ya sakafu, miguu kainyoosha, alikaa Shangazi Robi, yule aliyemlea Stanislausi, akimlilia kwa jina.

Nilipenya katikati ya waombolezaji hadi alipo. Nikapiga magoti mbele yake.

“Shikamoo, Shangazi. Stanislausi hajafa. Yuko hai.”

“Marahaba, mwanangu,” alinipapasa kichwa. “Wote tunasemaga hivyohivyo mwanzoni. Lia tu.”

Hapohapo mlango wa ofisi ya mwenyekiti ukafunguliwa. Marcelina alitoka amevaa koti la Stanislausi, lile analoliacha kwenye kiti ili wageni wadhani yuko jirani. Alitanguliza tumbo, akaweka mkono mfukoni, akakunja uso.

“Matrida! Hii misiba yako haina tija!”

Ukumbi ulipasuka kwa kicheko. Hata Shangazi Robi alicheka, akajifuta na kanga, akarudi kulia alipoishia.

Na hapo ndipo Stanislausi alipoingia. Alikuwa ametoka bandarini moja kwa moja, ananuka samaki, amekuja kujionea ukumbi mtupu. Mama mmoja alimwona, akaangusha sufuria. Wengine walikimbilia mashelfu ya vitabu, na hiyo ndiyo mara yangu ya kwanza kuona watu wakiyakimbilia. Shangazi peke yake ndiye aliyemfuata. Alimshika masikio, akamvuta pua, aliporidhika kwamba ni nyama na mifupa akampiga kofi la mgongo.

“Kwa nini unazimaga simu?”

Stanislausi alinitazama mimi. “Matrida, nini hiki?”

“Program, Mwenyekiti. Ukumbi umejaa.”

Alifungua mdomo kunifokea, lakini Marcelina alishakaa katikati yetu. “Marehemu hapandishi sauti. Keti chini tukusomee wasifu.”

Watu walicheka na kumpigia makofi. Angekasirika mbele ya mtani wake, Mugango asingerudi. Akaketi.

Baltazar, mvuvi ambaye kwenye misiba yote ya Mugango husoma wasifu, alisimama na kusafisha koo. “Marehemu Stanislausi alizaliwa Mugango. Alisoma. Alioa. Alikuwa mwenyekiti.” Akatazama huku na huku. “Mwenye la kuongeza?”

Kwetu hata mwizi wa nyavu akifa, watu hugombania nafasi ya kumsifu. Hapa hakuna aliyesogea. Nilimwona Stanislausi akizungusha macho kutoka uso hadi uso, kama mtoto aliyesahauliwa shuleni, na mimi niliyetaka kumzika nikamwonea huruma kabisa.

“Alijenga hii nyumba,” alisema Shangazi Robi.

Watu waligeuka.

“Alikuwa kijana. Alikuwaga anabeba mawe kutoka ziwani kwa bega, shati likichanika namshonea. Nikamuuliza, unamjengea nani? Akasema, watu wasome. Andika hilo, Baltazar. Lingine hakuna.”

Stanislausi aliinamisha kichwa, na hakukiinua upesi. Marcelina, anayejua wakati wa kupiga, akajilaza kizingitini na koti lake.

“Mimi sitoki hapa. Nikomboeni!”

“Nitakupa mbuzi,” alisema Stanislausi kwa sauti ndogo.

“Mbuzi nimeacha Butiama wanakula mahindi ya jirani. Nataka ukumbi.”

Kicheko kilianza, kikafa chenyewe, kwa sababu Stanislausi alikuwa amesimama. Alitoa mfukoni funguo zake za ukumbi, akampita Marcelina, akaja kuniwekea mimi mkononi.

“Mpambaji atafute kwingine,” alisema.

“Na stoo?” niliuliza. Mtu akishinda asizubae.

“Na stoo nitaiziba, Matrida. Niacheni nile, nina njaa.”

Chakula kilikuwa tayari, na chakula cha msiba hakirudishwi. Tulikula ugali na dagaa katikati ya vitabu, Marcelina akikataa kuvua koti, marehemu akila kuliko wafiwa. Wengine walikuwa wameanza kuvuta vitabu na kuvifunua, wakiangalia picha kwanza. Nilikuwa na furaha iliyonifanya niongee peke yangu.

Nilipokuwa nakusanya sahani, Shangazi Robi alinivuta kanga.

“Mwanangu, mwezi ujao mnamzika nani?”

“Hatujapanga, Shangazi.”

“Nizikeni mimi.” Alitazama chini, akafuta unga vidoleni. “Nimezika watu wengi, wote nimewasifu. Mimi sijawahi kusikia mtu ananisifu.”

Niliweka sahani chini. Nikamshika tu mkono wake, na nyuma yake Baltazar alikuwa ameshapanga foleni, naye azikwe.